Mwana Mize na Watatu wa Siwa

Jongeeni. Mwenye usingizi aende akalale sasa hivi, maana hadithi hii haina mwisho wa kumbembelezea mtu. Miaka mingi nimeibeba na mwisho wake sijaupata. Leo nawatwika nyinyi.

Palikuwa na mji ukiitwa Ukwiri, mji wa mawe na chokaa, wenye ukuta pande zote na ubishi ndani ya ukuta. Watu wake wa zama hizo walijivunia mambo mengi, lakini mimi nitawatajia watu watatu tu.

Wa kwanza ni Mwana Timu, mwanamke wa kiungwana, na kipaji chake kilikuwa sauti. Akikusikia ukisema maneno matatu, la nne anakusemea yeye, na mama yako mzazi asijue. Alipokuwa mdogo aliwahi kumwita mwalimu wake wa Kurani kwa sauti ya mke wa mwalimu, na maskini yule akatoka mbio kwenda kula chakula ambacho hakijapikwa.

Wa pili ni Feruzi, mtumwa wa nyumba ya Mwana Timu, na kipaji chake kilikuwa mikono. Siku zile mwanamke wa kiungwana hakutoka nje akaonekana. Alitembea ndani ya shiraa, yaani hema la kitambaa lililofungwa kwenye miti minne, na watumwa wanne wakishika miti hiyo na kwenda naye hatua kwa hatua, hata mpita njia asione ila nyayo zake. Feruzi alishika mti wa mbele, upande wa kulia. Aliushika miaka kumi na miwili, na hakuna aliyewahi kuuona ukitikisika.

Wa tatu ni mzee Shee Bunu, na chake kilikuwa pumzi. Yeye alikuwa mpiga siwa. Siwa ya Ukwiri ilikuwa baragumu la pembe ya ndovu, refu kama mtu mzima na zito la kuchosha wawili. Wanaume wenye vifua vya kujivunia walijaribu kuipuliza, ikatoa sauti ya mbuzi mwenye mafua. Akiipuliza Shee Bunu, watu walioko mashambani waliweka majembe chini. Baba yake aliipiga, na babu yake, na wote waliapa kiapo kimoja: kutoipuliza kwa ajili ya mfalme wa dhuluma.

Sasa shikeni hili, maana bila hili hamtafika nami popote. Ukwiri hakukuwa na mfalme asiyepigiwa siwa. Siwa hutolewa kwa mkono wa mwanamke wa nyumba ya enzi, hupulizwa mara tatu mbele ya msikiti siku ya Ijumaa, mara moja kwa aliyekufa, mara moja kwa mji, mara moja kwa anayekuja. Kisha wazee kumi huapa. Wakishaapa, anayemwinulia mkono huyo aliyeapiwa hana tena mtu wa kumjibu salamu.

Na mwanamke wa nyumba ya enzi wakati huo alikuwa Mwana Mize. Mumewe ndiye aliyekuwa mfalme, lakini mji ulijua mambo. Mfalme akihukumu barazani, Mwana Mize alikaa nyuma ya pazia akishona kofia. Akikohoa mara moja, mfalme husema, "Shauri hili tulilaze." Akikohoa mara mbili, mshtaki huanza kuaga. Ni yeye aliyewapatanisha watu wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini walipotaka kuuana kwa ajili ya kisima: aliupa kila mtaa siku zake tatu, na siku ya saba akawapa wajane. Wanaume walisema wamepatanishwa na mfalme. Mwana Mize aliwaacha waseme.

Kisha mfalme akafa kwa homa ya siku chache, akamwacha mkewe na mimba ya miezi minne.

Ndugu yake marehemu, Fumo Ngoshi, hakungoja udongo wa kaburi ukauke. Aliingia ngomeni na askari wa kukodi, akamwita Shee Bunu na kumwambia ajiandae kumpigia siwa. Shee Bunu akasema, "Mimi nina kiapo." Fumo Ngoshi akaamuru apigwe mdomoni kwa mpini wa mkuki. Mdomo wa juu ukapasuka, meno mawili yakaenda.

Lakini siwa yenyewe hakuwa nayo. Ilikuwa chumbani kwa Mwana Mize, chini ya kitanda, na Mwana Mize alikuwa ndani ya eda. Hapo ndipo Fumo Ngoshi alipokwama. Mlango wa mjane huvunjika kama mlango mwingine wowote, lakini anayetaka waungwana wambusu mkono hawezi kuanza kwa kufunua pazia la mwanamke wa eda. Na eda ya mwenye mimba, mnajua, haihesabiwi kwa miezi. Inakwisha anapojifungua. Kwa hiyo Fumo Ngoshi aliweka bawabu mlangoni, akaweka mkunga wake mwenyewe ukumbini, akangoja.

Mwana Mize alijua kinachongojwa. Mtoto akilia tu, eda imekwisha. Pazia litafunuliwa, siwa itachukuliwa, na mkunga yule hakuletwa kuja kumkaribisha mtoto duniani. Basi mfikirieni mwanamke anayeiomba mimba yake isishuke. Wenzake wakifika mwezi wa tisa humwomba Mola awapunguzie mzigo. Yeye aliweka mkono tumboni akasema, bado, mwanangu, bado kidogo. Aliacha kula tende, maana tende huharakisha. Aliacha kutembea. Alilala chali akiyatazama maboriti ya dari, akaogopa kila alipobanwa na kiuno.

Kila alasiri Fumo Ngoshi alikuja kusimama nje ya pazia.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji."

"Na mtoto?"

"Hajambo."

"Hana haraka mtoto huyo."

"Anajua ni nani anayemngoja."

Fumo Ngoshi alicheka akaenda zake. Mwana Mize akaingiza pembe ya ushungi mdomoni ili mkunga asimsikie analia.

Alhamisi moja tumbo lilishuka, likakaa chini kama linavyokaa likiwa limebakiza siku mbili tatu. Mwana Mize akatuma salamu kwa binti ami yake, Mwana Timu: njoo kesho unijulie hali. Ijumaa kabla ya adhuhuri Mwana Timu akaja ndani ya shiraa, Feruzi mbele upande wa kulia, na shiraa ikasogezwa mpaka kitambaa chake kikagusa pazia la mlango wa chumba, kama desturi. Mwana Timu akaingia bila kuonekana. Mwana Mize akamwambia alichokusudia.

"Wewe ukae hapa uwe mimi. Mimi nitoke niwe wewe."

"Na wakinigundua?"

"Watakuua, Timu. Sikufichi."

"Ningekuwa na wasaa wa kufikiri ningekataa," alisema Mwana Timu. "Kwa hiyo usinipe wasaa. Lete ushungi wako."

Feruzi hakuulizwa. Alisikia tu sauti ikimwambia toka ndani ya kitambaa, "Fungua mti wako uupenyeze huku, ufunge huu badala yake." Kitu kilichopenyezwa kilikuwa kimezungushiwa shashi nyeupe, na alipokipokea mikono yake ilijua ni nini kabla yeye hajajua. Akasema, "Ndiyo, bibi." Akafunga.

Wakatoka. Mwana Mize alikuwa amevaa makubadhi ya Timu, lakini miguu ya mwenye mimba huvimba, na visigino vyake vilining'inia nje. Wenzake Feruzi walishika mianzi myepesi. Yeye alishika enzi ya Ukwiri nzima, akaiinua juu ya ardhi kama mwanzi. Mlangoni bawabu akawasimamisha. Alikuwa mtu mwema, hilo ndilo lililokuwa baya. Akatoa tambuu ya kutafuna, akamnyoshea Feruzi. Na tambuu haikataliwi, wala haipokelewi kwa mkono wa kushoto. Feruzi akauondoa mkono wa kulia, akabaki ameishika siwa kwa mkono mmoja, akapokea, akashukuru, akatia mdomoni, akauliza habari za nyumbani na kungoja majibu yote. Mwana Mize ndani ya kitambaa aliuona mshipa wa mkono ule wa kushoto ukisimama kama kamba. Siwa haikutikisika.

Huku nyuma, Fumo Ngoshi alikuja mapema siku ile. Msikitini hakwenda tena, kwa kuwa khatibu alikataa kumtaja kwenye hotuba. Akasimama penye pazia. Mwana Timu akamjibu kwa sauti ya Mwana Mize, pamoja na uchovu wake na ile pumzi fupi ya mwezi wa tisa.

"Shemeji," akasema Fumo Ngoshi, "ukikubali nikuoe, labda mtoto ataishi."

"Labda ni neno refu, shemeji. Lifupishe kidogo."

Akamshikilia hapo. Alimuuliza mahari, akamuuliza mtoto atakaa wapi, akalia kidogo, akanyamaza sana, akamfanya aseme tena. Muda wote ambao shiraa ilihitaji kuvuka mji, mwanamume yule alisimama akibishana na pazia, na mkunga pembeni hakushuku neno.

Watu walikuwa wanatoka kuswali shiraa ilipofika msikitini. Shee Bunu alikaa kwenye ngazi za nje, kitambaa kikimfunika mdomo kama ilivyokuwa miezi mitano. Mwana Mize akaifungua shashi kwa mkono wake.

"Shee Bunu, pumzi ipo?"

Mzee akakiondoa kitambaa. Wahenga wamesema mwenye kovu usidhani kapoa, na kovu lile wote waliliona. Akapanda juu ya ngazi, akauweka mdomo kwenye siwa. Mlio wa kwanza ulilipasua kovu. Wa pili ulitoka na damu, ikateremka juu ya pembe mpaka kwenye vidole vyake. Wa tatu watu walidhani hautakuja. Alisimama, macho yamefumba, mkono mmoja ukipapasa hewani kumtafuta mtu wa kumshika, na hakuna aliyethubutu kumshika. Kisha ukaja, mrefu kuliko yote miwili. Akaanguka.

Penye pazia, Fumo Ngoshi alikuwa ameganda. Siwa inalia, na mwenye siwa anaongea naye.

"Shemeji, siwa iko wapi?"

"Si hii hapa, chini ya kitanda," akasema Mwana Timu, kwa sauti ileile.

Na angeamini. Alikwisha anza kusema labda ni baragumu la mji mwingine. Lakini mlio wa tatu ni wa anayekuja, na mwanamke wa Ukwiri akiusikia hupiga kigelegele. Asiyepiga amemtakia mfalme mabaya. Mwana Timu alifundishwa hivyo na bibi yake, na bibi yake na bibi yake. Kigelegele kilimtoka kabla hajakikamata, tena kwa sauti yake mwenyewe. Mkunga akainua kichwa. Mwanamke wa eda hapigi kigelegele. Pazia likafunuliwa.

Mwana Mize hakuyajua hayo. Alikuwa akisema na wazee toka ndani ya shiraa, amejishikilia mti mmoja, kwa sababu uchungu ulikuwa umeanza.

"Niliye naye tumboni sijui kama ni wa kiume au wa kike. Sijui kama atatoka hai. Lakini mkimwapia sasa, atakayemuua atakuwa ameua mfalme wenu. Msipomwapia, atakuwa ameua mtoto wa mjane, na nyinyi mtakuja kunihani msibani."

Mkubwa wa wazee, Mwinyi Zahidi, akauliza, "Na atakayetawala kwa niaba ya aliye tumboni?"

Ndani ya shiraa pakasikika kikohozi, mara moja.

Wazee wakatazamana. "Hicho," akasema Mwinyi Zahidi, "tumekizoea." Wakaanza kuapa, mmoja mmoja.

Walipomfikia mzee wa nne, nyayo za askari zikasikika kwenye kichochoro. Mwana Mize akasema bila kugeuka, "Feruzi, simama pale, asipite mtu." Feruzi akapokea mwanzi wa mwenzake, akasimama nao mkononi. Alivunjwa mkono, akabaki amesimama. Alivunjwa wa pili. Walipomwondoa kichochoroni mzee wa kumi alikuwa amekwisha apa.

Basi, Ukwiri ikawa imempata mfalme wake. Nusu ya askari waliinamisha mikuki palepale. Lakini Fumo Ngoshi alijifungia ngomeni na wale wa kukodi, na ndani mle walikuwa pia Mwana Timu, na Feruzi na Shee Bunu, waliokokotwa na askari hao walipokuwa wakirudi nyuma.

Wazee wakasema nusu shari kuliko shari kamili, aachiwe atoke mjini na watu wake, damu isimwagike. Fumo Ngoshi akakubali, kwa sharti moja. "Watatu wameninyang'anya enzi. Wawili nitakwenda nao. Mmoja namwachia shemeji yangu, na yeye mwenyewe amtaje kwa kinywa chake, hapa langoni, kabla jua halijatua. Asipotaja, nakwenda na wote. Mkirusha mkuki mmoja, nawatupa wote kutoka juu ya ukuta." Na hakuna aliyeuliza atakwenda nao wapi. Wote walijua hawatafika hata kwenye mashamba.

Mwana Mize alijaribu. Alimpa siwa. Fumo Ngoshi akasema siwa iliyokwisha lia ni pembe tu. Mwana Mize akajitoa yeye mwenyewe. Fumo Ngoshi akasema mwanamke mwenye uchungu ni mzigo njiani. Mwana Mize akaomba wawili badala ya mmoja, yeye aliyepatanisha mitaa miwili juu ya kisima kimoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akasikia maneno yake yakianguka chini bila kuokotwa.

Akabebwa ndani ya shiraa mpaka mbele ya lango. Wale watatu wakasimamishwa juu ya ukuta.

Mwana Timu akasema, "Mize, sitajifanya shujaa. Nataka kuishi. Nina watoto wawili, unawajua kwa majina. Nimekamatwa kwa ulimi wangu, najua, lakini ulimi huo ulikuwa ukimshangilia mwanao. Hawa walikutumikia. Mimi nilikaa mahali pako pa kufia, kwa kuwa nakupenda."

Shee Bunu hakuweza kusema. Mkewe, Bi Nana, alisimama chini ya ukuta akasema kwa ajili yake. "Mume wangu mdomo wake kaumalizia kwako, Mwana. Watu watakwambia ni mzee, ameshaishi. Usimhesabie miaka. Wenzake wameumia leo. Yeye alipasuliwa mdomo miezi mitano iliyopita, kabla hujamwomba kitu, na kama angekubali siku ile, wewe leo ungekuwa na nini cha kuokoa?"

Feruzi alikuwa na mikono miwili iliyoning'inia. Alingoja mpaka alipoambiwa aseme.

"Bibi, Mwana Timu ulimuuliza. Shee Bunu ulimuuliza. Mimi hukuniuliza. Uliniambia funga, nikafunga. Ukaniambia simama, nikasimama. Sikuwa na kiapo, wala wewe si damu yangu. Nakuomba leo uniulize."

"Nikuulize nini, Feruzi?"

"Kama nilitaka."

Mwana Mize akamuuliza, "Ulitaka?"

"Nilitaka," akasema Feruzi. "Lakini wewe hutajua kamwe kama nasema kweli, au kama namjibu bibi linalompendeza."

Chini ya ukuta ubishi ukawaka. Waungwana walisema damu kwanza, na kwamba mtawala anayemtoa binti ami yake hatamwogopesha wala kumtuliza mtu. Wazee walinong'ona kwamba bila Shee Bunu hakuna mfalme mwingine atakayepigiwa siwa Ukwiri, maana hana mwana wa kumrithi. Watumwa walisimama nyuma kabisa. Hawakusema kitu. Waliitazama shiraa tu, na Mwana Mize, aliyezoea kusikia mji kupitia kitambaa, alisikia kimya chao kuliko kelele za wengine. Aliomba uchungu uje umzimishe, apoteze fahamu, mtu mwingine ataje. Uchungu ukaja, ukamkunja, ukapita. Fahamu zilibaki palepale.

Akaufunua upande wa shiraa kwa mkono wake. Watu wa Ukwiri, waliokijua kikohozi chake miaka yote, wakauona uso wake.

"Jina," akasema Fumo Ngoshi.

Mimi nakomea hapo. Msinitazame hivyo, nimewaambia mapema. Na wewe uliyekwisha fungua mdomo, ufunge kwanza. Aliyejibu upesi hajawaona wote watatu. Lango linafunguliwa, uchungu mwingine unapanda, na hukumu hii ndiyo ya kwanza ya utawala wako. Utamwita nani ashuke, na wale wawili watakapopitishwa mbele yako, utawaambia nini?